Mawasiliano ya Afya na Idara za Kiswahili: Maoni kutoka Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwanafunzi wa Tanzania anayetaka kusomea afya ya jamii, na ndani yake akakazia mawasiliano ya afya, huanza safari yake mbali na Kiswahili. Atasoma epidemiolojia, takwimu, nadharia za mabadiliko ya tabia na mbinu za kupanga kampeni. Yote hayo atayasoma kwa Kiingereza, atayafanyia mtihani kwa Kiingereza, na tasnifu yake ataiandika kwa Kiingereza. Kiswahili atakutana nacho mara moja tu, wakati wa kutafsiri hojaji kabla ya kwenda uwandani, na kazi hiyo aghalabu hufanywa kwa siku mbili na mtu yeyote aliye karibu. Maoni ya makala haya ni kwamba mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Ugonjwa hupewa jina katika lugha, na jina hilo ndilo linaloamua mgonjwa apelekwe wapi, lini, na kwa nani. Anayeifanya lugha kuwa hatua ya mwisho ya kampeni amekwisha kuamua mambo makubwa bila ya kujua kwamba ameyaamua. Aidha, tutaonyesha kwamba lawama si ya vyuo vya tiba peke yake. Sisi wa idara za Kiswahili tuna fungu letu, tena si dogo.

Mifano yetu mingi inahusu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Hadi mwaka 2012 maeneo hayo yalikuwa wilaya moja. Ndipo wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa, makao yake makuu yakiwa Mbamba Bay. Juu milimani wako Wamatengo, wakulima wa kahawa wanaosifika kwa kilimo chao cha ngolo. Chini ufukweni wako watu wanaojulikana kwa jina la jumla la Wanyasa, ambao kati yao wamo Wampoto na Wamanda, na maisha yao yanategemea usipa, mbasa na mihogo. Kutoka mji wa Mbinga hadi ziwani si mbali, lakini anayeteremka huko hupita katika tabia nchi tofauti, magonjwa tofauti na lugha tofauti. Ni mahali pazuri pa kuipima fikra kwamba ujumbe mmoja, ulioandikwa Dar es Salaam kwa Kiswahili sanifu, unatosha kwa nchi nzima.

Tuanze na kichocho. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili kichocho ni kukojoa damu. Dalili na ugonjwa ni kitu kimoja. Katika tiba, hata hivyo, neno hilo limetwishwa mzigo mkubwa zaidi. Linataja maradhi yanayoletwa na minyoo ambao hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha wakatoka na kupenya ngozi ya binadamu aliyeingia majini. Wako minyoo wanaoshambulia kibofu, nao ndio wanaoleta damu katika mkojo. Wako wengine wanaoshambulia matumbo na ini. Kwa hao wa pili wataalamu wetu waliunda istilahi ya kichocho cha tumbo, na kwa mtaalamu istilahi hiyo haina kasoro. Kwa msemaji wa kawaida ni mkanganyiko, kwani ni kichocho kisichokuwa na mkojo. Hali ni nzito zaidi kwa wanawake. Minyoo wa kibofu huweza kuacha mayai katika via vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa na damu. Mwanamke mwenye hali hiyo akifika kwenye zahanati ambako kichocho maana yake ni mkojo mwekundu wa watoto wa shule, ataulizwa habari za mumewe, na atatibiwa maradhi ya zinaa ambayo hana. Atarudi nyumbani na aibu aliyopewa na msamiati.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja ya mwambaoni, mbele ya bango lililowaonya wananchi wasioge wala wasifue katika maji yenye konokono. Bibi mmoja aliyekaa karibu aliomba asomewe, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kwamba ikiwa ziwa ndilo kisima chao, ndilo bafu lao na ndilo shamba lao, basi mtu akaoge wapi. Hakuwa anabisha. Aliuliza kama mtu anayedhani kwamba sehemu ya pili ya bango imekatika. Bango hilo lilikuwa na Kiswahili fasaha kabisa. Hapakuwa na kosa la sarufi ambalo mhariri angeliweza kulisahihisha. Kosa lilikuwa kwamba liliandikwa na mtu ambaye maji kwake hutoka bombani.

Na wala si kwamba hapakuwa na pa kuanzia. Upande wa Malawi wa ziwa hilo hilo, watafiti wamehusisha kuenea kwa kichocho katika fukwe za wazi tangu miaka ya 1980 na kupungua kwa samaki wanaokula konokono, samaki ambao huvuliwa kupita kiasi katika maji ya kina kifupi. Jambo hilo mvuvi wa Liuli au Lituhi hahitaji kufundishwa upya lote. Nusu yake analijua kuliko mtafiti: anajua ni samaki gani wamepungua, tangu lini, na kwa nyavu zipi. Ujumbe wa afya ambao ungeanzia kwenye wavu, ukafika kwa konokono, ndipo ukafika kwa mtoto anayekojoa damu, ungekuwa unapita njia ambayo msikilizaji ameizoea. Lakini ili kuutunga, mtungaji lazima ajue majina ya samaki hao kama yanavyotamkwa ufukweni. Hiyo ni kazi ya leksikografia kabla ya kuwa kazi ya afya.

Iwapo msomaji anaona kwamba tunakuza mambo, na atazame Morogoro mwaka 2008. Mwaka huo wanafunzi wa shule za msingi walipewa vidonge vya kichocho na minyoo kwa pamoja, katika mpango wa kitaifa wenye nia njema na dawa nzuri. Prazikwanteli huweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mtoto ambaye hajala. Baadhi ya watoto waliugua. Uvumi ulienea kwamba watoto wamelishwa sumu, wazazi wakavamia shule, ghasia zikazuka, polisi wakaingia. Julie Hastings, aliyelichunguza tukio hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2016, alionyesha kwamba wazazi walikuwa wamepewa maelezo machache mno, na kwamba yale waliyoyaelewa kuhusu kichocho hayakulingana na yale ambayo mpango uliyachukulia kuwa yanajulikana. Ni desturi kusema kwamba watu wa Morogoro walidanganywa na uvumi. Tungependa kusema vingine: uvumi ulikuwa maelezo pekee yaliyowafikia katika lugha wanayoizungumza nyumbani, yakawa na mwanzo, kati na mwisho.

Mfano wa pili ni wa kitaaluma zaidi, nao unahusu hojaji. Katikati ya miaka ya 1990 Makemba, Winch na wenzao walichunguza majina ya homa katika wilaya ya Bagamoyo. Waligundua kwamba wazazi wengi walitofautisha kabisa malaria na degedege. Malaria ilikuwa homa, nayo dawa yake iko hospitali. Degedege, yaani mtoto kukakamaa na kutupatupa viungo, ilikuwa jambo jingine, lenye kuhusishwa na shetani ajaye kwa sura ya ndege; jina lenyewe lina ndege ndani yake. Mtoto wa degedege alianzia kwa mganga, na wako walioamini kwamba sindano ingemuua. Daktari huona ugonjwa mmoja katika hatua mbili. Mzazi aliona magonjwa mawili yenye nyumba mbili za tiba.

Sasa na tumfikirie mwanafunzi wetu. Amefundishwa kwamba njia ya kuhakikisha ubora wa hojaji ni kuitafsiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha kumpa mtu mwingine airudishe katika Kiingereza, ili ionekane kama maana imerudi salama. Neno degedege litakwenda na kurudi bila mchubuko. Malaria nayo itakwenda na kurudi. Kisha mama ataulizwa kama mtoto wake marehemu aliugua malaria, naye kwa unyofu wote atajibu hapana, kwa kuwa aliugua degedege. Jibu hilo litaingizwa katika jedwali. Mbinu ya tafsiri na marejeo yake huwapima watafsiri wawili wenye elimu ya chuo kikuu. Mama hajapimwa popote. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa semantiki anaweza kulieleza kosa hili, lakini hayuko katika chumba ambamo hojaji inatungwa.

Hapa itafaa tuikumbuke pepopunda. Wauguzi wetu kila siku huwaambia wajawazito waje wapate chanjo ya pepopunda, na hakuna anayeshtuka kwamba neno hilo limejengwa kwa pepo na punda. Bila shaka matumizi ya muda mrefu yamelififisha pepo lililomo. Lakini je, limefifia kwa kila mtu, hata kwa msichana wa Tingi ambaye nyumbani kwao husemwa Kimpoto na ambaye Kiswahili alikipata shuleni? Hilo ni swali la utafiti, tena la utafiti mdogo unaowezekana kwa shahada ya uzamili.

Si kwamba hatujawahi kufanya vizuri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kutumia Radio Tanzania, vitabu vidogo na vikundi vya kusikiliza, ilidumu wiki 12 na kuwafikia takriban watu milioni 2. Malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu vilijadiliwa chini ya miembe na katika madarasa ya kisomo, na vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mengi yameandikwa kuhusu kampeni ile, hususan kuhusu mfumo wa utawala wa wakati ule uliowezesha watu kukusanywa. Jambo moja halisisitizwi vya kutosha. Mtu ni Afya ilifikiriwa kwa Kiswahili tangu jina lake. Hata jina hilo halirudi vizuri katika Kiingereza, na hiyo ni dalili njema. Vilevile, redio haikuachiwa iseme peke yake. Kila kipindi kilifuatwa na mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yaliyotoa uamuzi wa kuchimba. Miaka 20 baadaye, Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993, ulipita njia tofauti ukafika mahali karibu na hapo. Dereva wa malori Mkwaju hakumwamuru msikilizaji kitu chochote. Aliishi, akatanga na wanawake, akaugua UKIMWI, na wasikilizaji wakamjadili kama jirani. Kwa kuwa matangazo hayo hayakurushwa Dodoma hadi mwaka 1995, watafiti wakiongozwa na Everett Rogers na Peter Vaughan waliweza kulinganisha, wakaona tofauti katika uzazi wa mpango kati ya waliosikia na ambao hawakusikia.

Tukilinganisha kazi hizo na mabango ya leo, tofauti ya kwanza inayoonekana ni ya kisarufi. Bango la leo huzungumza kwa amri: nawa mikono, chemsha maji, lala ndani ya chandarua, wahi kituo cha afya. Yamkini mtu atasema kwamba amri ni fupi na karatasi ni ndogo. Ni kweli. Lakini katika vijiji vya Mbinga Kiswahili cha amri kina historia. Ndicho Kiswahili cha mkutano wa hadhara, cha mtendaji wa kata, cha michango. Uchunguzi wa Nobuko Yoneda kuhusu Kimatengo umeonyesha jinsi Kiswahili kilivyopenya ndani ya lugha hiyo yenyewe; kwa hiyo hakuna haja ya kudhani kwamba Wamatengo hawaelewi bango. Wanalielewa vyema, pamoja na sauti yake. Wanajua kwamba ni lugha ambayo mtu huiitikia kwa ndiyo, kisha akaenda zake.

Wako watakaotujibu kwamba dawa ya tatizo hili ni kutumia lugha za jamii. Tunakubaliana nao kwa sehemu. Mwambao wa Nyasa haukuanza kusikia habari za afya kwa Kiswahili. Misheni ya UMCA, yenye makao yake katika kisiwa cha Likoma, ilizungushia ziwani meli yake Chauncy Maples, iliyoingia majini mwaka 1901, ikiwa shule, kanisa na zahanati, na Kinyanja kilikuwa lugha kubwa ya kazi zake. Uhusiano wa ng'ambo haukukatwa na mpaka. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwaka 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700 kufikia mwaka 2023 kilikuwa jambo la ziwa zima, kwa maana wavuvi na wachuuzi wa usipa huvuka maji hayo hayo na kuongea lugha zinazosikilizana. Walakini kutafsiri bango la amri kutoka Kiswahili hadi Kimpoto kutatupa amri katika Kimpoto. Na mara nyingi ndivyo inavyofanyika kwa ngoma vilevile: kikundi cha kioda au mganda hukodiwa, hupewa ujumbe uliokwisha kuandikwa, huimba mbele ya wageni, hupigwa picha. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walikwisha kutuonyesha huko Malya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba sanaa za wenyeji hufanya kazi pale ambapo wenyeji ndio wanaolichunguza tatizo na kulitungia. Somo hilo lilitoka katika kitivo kimoja na idara zetu. Wa afya walilisikia kidogo. Sisi, kwa bahati mbaya, tuliliona kuwa la watu wa maigizo.

Mfano unaotusikitisha zaidi ni wa usubi. Ruvuma ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa huo unaoletwa na inzi wadogo wa mitoni, ambao huharibu ngozi na hatimaye macho. Kampuni ya Merck ilianza kutoa dawa ya Mectizan bure mwaka 1987, na mpango wa Afrika wa kupambana na usubi ulianzishwa mwaka 1995. Chini ya mpango huo wananchi wenyewe waliwachagua wagawa dawa wao, ambao walikwenda nyumba kwa nyumba wakipima kimo cha mtu kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge. Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika kijiti. Dawa hiyo huua vijiminyoo vichanga, lakini minyoo wakubwa huishi miaka mingi. Hivyo mtu asiyejisikia kuumwa alitakiwa ameze kila mwaka kwa zaidi ya miaka 10. Katika lugha zetu dawa humfuata mgonjwa. Mgawa dawa, ambaye mara nyingi alikuwa mkulima mwenye elimu ya msingi, alilazimika kumweleza shemeji yake mzima wa afya kwa nini mwaka huu ameze tena. Alitumia mifano gani? Kilimo? Nyumba na mchwa? Alichanganya lugha zipi, na wapi? Alimwambiaje mama mkwe? Mazungumzo hayo yalifanyika vijijini kwa miaka mingi, nayo ni hazina ya isimujamii ambayo idara zetu ziliiacha ipite huku zikihesabu mofimu.

Pale ambapo lugha imeshughulikiwa kwa makini, matunda yameonekana. Katika miaka ya 1980 ugonjwa uliotambuliwa Kagera mwaka 1983 uliitwa Juliana, na baadaye mijini watu wakasema ngoma, mdudu, kukanyaga miwaya. Dhidi ya majina hayo ya kejeli na woga, UKIMWI ni kifupisho kilichojieleza, kikakubalika. Dawa zake zilipokuja ziliitwa kwanza dawa za kurefusha maisha, jina la huruma ambalo ndani yake lina kifo kilichoahirishwa. Baadaye tukapata dawa za kufubaza virusi. Kufubaza ni kukifanya kitu kipoteze mng'ao na makali. Hapo mtendwa ni kirusi, wala si maisha ya mgonjwa. Sijui kama aliyelichagua neno hilo alikuwa mwanaisimu, lakini alifanya kazi ya mwanaisimu. Barakoa nayo, neno la kale la pwani, lilifufuliwa mwaka 2020 likapokewa na nchi nzima kwa muda mfupi, ilhali UVIKO-19 lilibaki katika matangazo na watu wakaendelea kusema korona. Kwa nini moja lilipokewa na jingine likaachwa? Hili nalo lingeweza kufundishwa katika kozi ya mawasiliano ya afya kwa saa nzima, na mwanafunzi akatoka na kitu.

Hoja ya kwamba Kiswahili hakina istilahi imechosha. TUKI ilikwisha kutoa Kamusi ya Tiba, na kazi hiyo yaweza kuendelezwa. Tatizo ni kwamba istilahi sanifu na majina ya watu huishi katika nyumba mbili, na hakuna aliyepewa kazi ya kupita kati yao. Wala hatumtaki mtafiti aache Kiingereza. Ripoti yake na iende Geneva ikihitajika. Tunataka tasnifu ya mawasiliano ya afya isimamiwe na wasimamizi wawili, mmoja wa afya na mmoja wa lugha. Iwe na faharasa ya majina ya magonjwa kama yalivyosikika uwandani, pamoja na maelezo ya nani aliyatamka na katika hali gani. Na muhtasari wake wa Kiswahili uwe mrefu kiasi cha kusomwa na mganga mfawidhi wa wilaya na wauguzi wake, badala ya ile aya moja ya adabu. Kwa upande wetu, wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili waruhusiwe, kwa kufuata taratibu za maadili ya utafiti, kukaa kliniki na kuyachunguza mazungumzo ya mjamzito na mkunga kwa umakini ule ule tunaoutoa kwa riwaya.

Na anayejiandaa kwenda Mbamba Bay au Litembo msimu ujao na hojaji yake ya kurasa nyingi, tungemshauri aiache mkobani kwa wiki mbili za kwanza. Aende na daftari tupu. Akae na akina mama wanaosubiri kupima watoto uzito, aandike kila jina la ugonjwa wanalolitaja, na mbele yake aandike walianza kumpeleka mtoto kwa nani.